Mpaka Uongee Kama Wao

Mtoni, Temeke
Jumapili, 2 Machi 2025

Dada Anna,

Shikamoo. Najua ulishaacha kutegemea barua yangu, na sina cha kujitetea. Januari nilianza kuandika nikaishia kwenye shikamoo, karatasi ikalowa maziwa ya Praygod. Februari nikaanza nyingine, mtoto akashikwa na mafua, nikashikwa na mie, ile karatasi Stanley akaja kufungia misumari. Nisamehe. Domitila ulimkabidhi Stanley mikononi pale stendi ya Kasulu, Desemba, na mpaka leo hujapata hata mstari mmoja wa kukuambia alifikaje. Nikifikiria hilo najisikia vibaya, kisha naahirisha tena.

Sisi wazima. Praygod ana miezi minne, ananyonya kama anadai. Stanley yuko palepale Kurasini, yadi ya makontena, anatoka alfajiri na kurudi amechoka, hata kusema chakula kina chumvi hawezi. Mie ofisini nitarudi mtoto akifika miezi sita, bosi ameniwekea nafasi yangu ya kupokea simu.

Domitila alifika salama. Ameanza darasa la kwanza, shule iko nyuma ya nyumba, haimchukui dakika tano. Sare zilimkaa vizuri, sketi tu ndiyo ndefu kidogo, nikaipunguza. Analala chumba kimoja na sisi, upande wa dirishani, na ile blanketi uliyompa. Anakula vizuri, wali anaupenda. Mwalimu wake anaitwa Lusungu, mtu wa Mbeya, mpole. Bi Mwanakombo mwenye nyumba anampa kashata kila Ijumaa. Mtoto hana tatizo.

Samahani kwa simu. Kioo kimepasuka, nikigusa hapa inafungua pale. Ndiyo maana naandika, barua hii nampa Theonest, kondakta wa basi la Kasulu.

Ukipata nafasi nitumie mawese kidogo, ya huku yana ladha ya dumu. Wasalimie jirani zako wote.

Mdogo wako,
Auleria

~

Kasulu
19 Machi 2025

Mdogo wangu Auleria,

Marahaba. Mimi ni mzima, mguu unaniuma asubuhi tu, nikitembea unaacha. Mvua ni nyingi. Mahindi yamenyanyuka, maharage yameoza upande wa bondeni. Paroko mpya amefika, anahubiri muda mrefu kuliko yule wa zamani, watu wanatoka nje kama wanakwenda kujisaidia na hawarudi. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha. Domitila alikuwa amesema watakuwa mapacha, mwambie alipatia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika mtoto anavaa nini, anakula nini, analala wapi, nani anampa kashata. Hukuandika hata neno moja ambalo amelisema. Domitila niliyemlea mimi miaka minne hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Anaongea na kuku. Akikosa mtu anaongea na jiwe la kusagia. Sasa huyo wa kwenye barua yako ni nani?

Kioo cha simu kikipasuka simu haipokei? Yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikatolewa, mpaka leo inapokea. Na ya Stanley imepasuka pia?

Mara ya mwisho ulipopokea ilikuwa Krismasi. Nilidhani nimekosea namba nimempigia mtangazaji. "Haloo, habari za sikukuu, naongea na nani mwenzangu?" Nikatazama simu. Mwenzangu! Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka kisimani. Sikusema kitu siku ile kwa sababu ilikuwa Krismasi.

Nataka kumsikia mtoto. Barua haina sauti. Mawese nimempa Theonest, lita tatu. Na majani ya dawa ya mafua, uyachemshe, usiyadharau.

Dada yako,
Anna

~

Mtoni
27 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Mawese yalifika, dumu moja lilivuja kidogo kwenye buti ya basi, Theonest anasema begi la mtu mmoja wa Tabora limekuwa jekundu. Asante sana. Praygod amegeuka mwenyewe kitandani, akashtuka, akalia. Mie nina usingizi ambao haujaisha tangu Novemba. Jana nimeweka chumvi kwenye chai ya Stanley, akainywa yote. Nilipomuuliza akasema aliona sura yangu akaogopa kuuliza.

Umenishika, dada. Domitila amekuwa mkimya kidogo. Sikutaka kukupa wasiwasi.

Ilikuwa hivi. Siku ya kwanza, kabla hata shule haijafunguliwa, nilimtuma bombani na kidumu. Akamkuta Bi Mwanakombo na wanawake wengine. Yeye, kama ulivyomfundisha, akapiga magoti chini, akapiga makofi taratibu, akamwamkia kila mtu kwa zamu, kwa Kiha. Mwakeye, mwakeye. Bi Mwanakombo alifurahi, akasema, "Inuka mwanangu, hapo pana matope." Lakini watoto walikuwepo. Mmoja akauliza, "Anashangilia nini huyu, kuna harusi?" Mwingine akasema, "Mrundi huyo." Tangu siku hiyo jina likamkaa. Shuleni aliposimama kusoma, na ule usemaji wetu wa kuweka r penye l na kupandisha neno mwishoni, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Lusungu akawaambia, "Na mie mtu wa Tukuyu, nichekeni basi na mie niwape kazi ya kufagia uwanja." Wakanyamaza. Lakini mtoto ameshaumia.

Shule ndiyo imemfanya hivi. Watoto wa mjini hawana adabu.

Najua utasema mie ndiye nimezoea kuona aibu. Nikukumbushe kitu sijawahi kukueleza vizuri. Mwaka 2020 nilipofika hapa na cheti changu cha kidato cha nne, nilikwenda kuomba kazi ofisi moja Kurasini, mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Mwenye ofisi akanisikiliza, akaniuliza, "Wewe mtu wa Burundi?" Nikasema, "Mtu wa Kasulu." Akasema, "Wateja wangu kwenye simu hawatajua tofauti." Alisema kwa upole kabisa, dada. Angenitukana ningesahau.

Nikakaa miezi minne nafua nguo za watu, redio iko kwenye ndoo iliyogeuzwa, nasikiliza. Sikuwa naongea na mtu ila kwa lazima. Nilisikiliza matangazo ya sabuni, ya benki, ya dawa ya mbu, baadaye nikawa nayarudia polepole. Mwezi wa tano nikaenda ofisi nyingine. Nikasema sentensi mbili wakaniambia anza Jumatatu. Hawakuniuliza kwetu wapi. Hawajaniuliza mpaka leo.

Kwa hiyo lafudhi inatoka. Mie ni shahidi. Na sitaki mwanangu aitwe mgeni ndani ya nchi yake kila anapofungua mdomo, kwenye daftari la kazi, kwenye dirisha la ofisi, kila mahali mtu akimtazama mara mbili. Wewe huko wote mnaongea sawa, hujui inavyokuwa.

Atazoea tu. Nipe muda.

Auleria

~

Kasulu
14 Mei 2025

Auleria,

Mimi mzima. Mvua zimekatika.

Kidogo ni kiasi gani?

Umesema mimi sijui inavyokuwa. Najua. Nilipokwenda hospitali ya mkoa na mguu huu karani aliniuliza kitambulisho mara mbili, mwenzangu wa mbele yangu hakuulizwa hata mara moja. Nilikitoa. Nikamwambia, kisome vizuri, picha ndiyo mimi, na meno ndiyo haya haya. Sikwenda nyumbani kujifunza kuongea upya.

Umeandika "mwanangu". Sawa, wewe ndiye uliyemzaa, na sijawahi kulisema hilo vingine mbele ya mtu yeyote. Lakini alipokuja kwangu alikuwa na miaka miwili, hajui kusema maji. Maneno yote aliyonayo yametoka ndani ya nyumba hii. Unapomtoa maneno hayo unatoa nini kingine, umefikiria?

Shule mnafunga Juni mwanzoni. Nakuja kumchukua. Nimeshaongea na Theonest, ameniwekea kiti cha tarehe 9. Mtoto atasoma hapa kama ulivyosoma wewe.

Anna

~

Mtoni
25 Mei 2025

Dada Anna,

Shikamoo. Nimemwomba Theonest akupe barua hii mkononi, asiiache dukani. Praygod mzima, Stanley mzima. Nakuomba ukae chini uisome yote kabla hujafunga begi.

Uliniuliza kidogo ni kiasi gani. Domitila haongei kabisa. Tangu Januari tarehe 14 hajasema neno mbele yangu, wala mbele ya Stanley, wala shuleni, wala kwa Bi Mwanakombo na kashata zake. Anaitika kwa kichwa. Hesabu anapata zote, anaandika herufi nzuri kuliko zangu. Akiitwa asome anasimama, anashika kitabu, anasubiri mpaka mwalimu aseme kaa.

Nilikuandikia kwamba shule ndiyo imemfanya hivi. Si shule. Ni mie.

Ile siku aliyochekwa darasani alirudi analia. Nikamweka kwenye beseni nikamwosha miguu. Nilikuwa nimechoka, Praygod analia kitandani, sufuria inaungua. Nikawaza nilivyopona mie. Nikamwambia, "Domi, kuanzia leo usiongee mbele za watu mpaka uongee kama wao. Wewe sikiliza tu. Ukishajua, ndiyo utaongea." Nilimpa dawa ileile niliyoinywa mwenyewe. Nilisahau kwamba mie nilikuwa mtu mzima na redio, yeye ana miaka sita na anafanya kila anachoambiwa, ndivyo ulivyomlea. Akaniitikia, "Ee, mama mdogo." Hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Nilidhani wiki moja. Wiki ya kwanza, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona ametulia, anatazama midomo ya watu, nikasema huyu ana akili kama mie.

Mwalimu Lusungu akaniita Machi. Akasema, "Mama Praygod, mpeleke wakampime masikio." Nikampeleka. Daktari, kijana tu, akampima masikio, akamtazama koo, akamwambia atoe ulimi, akautoa. Akaniambia, "Huyu hana ugonjwa. Kuna mtu alimwambia kitu kikamtisha?" Domitila akageuka akaniangalia. Hakuwa ananishitaki, dada. Alikuwa anasubiri kuona kama namruhusu. Na mie nikamwambia daktari, "Hapana, hakuna." Kwa sauti yangu nzuri ya ofisini. Nikamshika mkono tukatoka. Ile barua ya kwanza niliyokuandikia, kwamba mtoto hana tatizo, niliiandika siku chache kabla, na baada ya hapo nilikuwa na nafasi ya kuirekebisha, sikuirekebisha.

Simu yangu haina shida. Kioo kizima. Namba yako niliizuia, Stanley nikamwomba naye aizuie kwenye simu yake, akakataa, ikabidi nimwambie simu awe anaiacha kwa shemeji yake yadi. Niliogopa mtoto akikusikia wewe mara mbili kwa wiki ile sauti ya Kasulu haitamtoka. Yaani wewe nilikufanya kama ugonjwa wa kumwambukiza. Nimeandika, siwezi kuifuta.

Nimejaribu kulirudisha neno langu. Nimepiga magoti mbele yake mara nyingi, nimesema, "Domi, mama mdogo alikosea, ongea unavyotaka, ongea kama kwa mama Anna." Anatikisa kichwa. Ananifuta machozi na ncha ya kanga yangu, na bado anatikisa kichwa. Sielewi kwa nini. Agizo nimelitoa mie na mie nimelifuta, kinachomshika ni nini?

Kitu kingine nilichokuficha. Siku niliyojifungua Praygod, nesi aliniuliza, "Kumbe wewe Mha?" Nilikuwa nalia Kiha. Miaka minne ya redio, maumivu ya saa moja yakaifagia. Kwa hiyo hata hilo la kusema inatoka nilikudanganya. Haitoki. Inajificha, na wewe unakaa mlangoni kuilinda isitoke nje. Hiyo nayo ni kazi, dada, juu ya kazi nyingine zote.

Najua una haki ya kuja. Lakini nakuomba usije kumchukua. Ukimchukua sasa atajua kwamba aliondolewa hapa kwa sababu ya mdomo wake, na mie nitabaki ndiye mama aliyemziba mdomo kisha akamrudisha. Nilimwacha mara moja akiwa na miaka miwili. Sitamwacha mara ya pili. Nikasirikie, nitukane, lakini niachie nitengeneze nilichoharibu.

Auleria

~

Kasulu
15 Juni 2025

Mdogo wangu,

Theonest alinipa mkononi. Alitaka kukaa anione nikisoma, nikamfukuza.

Tarehe 9 nilikwenda stendi na begi. Nilikaa kwenye benchi, basi likapakia, Theonest akaita jina langu mara mbili. Sikupanda. Alidhani nimeugua.

Umeniuliza kinachomshika mtoto. Sikuwa nimekusudia kukuambia maisha yangu yote, na hata sasa nimeanza barua hii mara nne.

Siku Stanley alipokuja kumchukua, nilikuwa na hasira na wewe. Hukuja mwenyewe. Najua ulikuwa na kichanga, najua, lakini hasira haiulizi. Ulimtuma mwanaume ambaye mtoto hajawahi kumwona, na simu ukanipigia kwa ile sauti yako ya kukodi. Nilimpeleka Domitila stendi, nikampandisha, nikamfunga kitambaa kichwani. Nikainama nikamwambia sikioni, "Usije ukaongea kama mama yako mdogo. Siku utakayoongea kama yule, mimi sitakujua tena."

Nilikuwa nacheka. Nusu yangu ilikuwa inacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, akasema, "Ee, mama." Nikashuka.

Basi. Wewe umemwambia asiongee mpaka aongee kama wao. Mimi nimemwambia akiongea kama wao amenipoteza. Yeye ametutii wote wawili, njia ilikuwa moja tu.

Tangu nisome barua yako sijaweza kumwita hata mbuzi kwa sauti. Nilikuandikia maneno makali Mei, nikajiona mimi ndiye mwenye mtoto aliyeharibiwa na wewe. Usinijibu kwa upole.

Nyumba iko kimya. Hilo nilikuwa nalificha kwenye habari za mbuzi.

Anna

~

Mtoni
6 Julai 2025

Dada yangu Anna,

Shikamoo. Uliniambia nisikujibu kwa upole. Nimejaribu wiki mbili kuandika kwa ukali, kila nikianza nauona mkono wangu mwenyewe kwenye maneno yako. Kwa hiyo chukua yatakavyokuja.

Sote wazima. Praygod anakaa bila mto. Ofisini nimerudi nusu siku. Shule inafunguliwa Jumanne.

Nina jambo la kukueleza, ndiyo kubwa la barua hii. Jumatano nilitoka kuanika nepi uani. Bi Mwanakombo alikuwa barazani anapepeta mchele. Nikamsikia anaongea na mtu ndani ya chumba changu, "Haya mwanangu, kula kashata, mie meno sina." Nikamgeukia, na yeye yuko pale pale na ungo wake, midomo imefungwa, ananitazama. Sauti yake ilikuwa inatoka chumbani kwangu. Bi Mwanakombo akasema taratibu, "Auleria, mie niko huku na niko kule?"

Tukasogea dirishani. Domitila amemkalisha Praygod katikati ya mito, amepiga magoti mbele yake. Anamwigizia watu. Alimfanya Bi Mwanakombo mpaka kile kikohozi. Akamfanya mwalimu Lusungu, "nichekeni na mie niwape kazi," na Kinyakyusa chake ndani yake. Akawafanya watoto wa bombani, "oyaa, nyie, tokeni hapo," ungesema amezaliwa Temeke na babu yake kazaliwa Temeke. Kisha akashusha sauti akawa wewe. Anamfukuza jogoo. Sijamsikia mtu akiongea hivyo ndani ya nyumba yangu tangu nimeijua nyumba hii. Praygod anacheka mpaka anaanguka kwenye mito, anamwinua, anaendelea.

Bi Mwanakombo akaninong'oneza, "Na wewe mtoto huyu ulimpeleka kupimwa masikio?"

Unaelewa maana yake? Anajua kuongea kama wao. Amejua siku nyingi. Agizo langu alishalimaliza, pengine toka Aprili. Ninapomwambia ongea, kwake ni sawa na kumwambia sasa kapoteze mama Anna. Ndiyo maana anatikisa kichwa. Kwa Praygod anaweza, maana Praygod hawezi kuja kukuambia.

Sikuingia chumbani. Nilirudi kwenye nepi, nikalia, nikamaliza kuanika.

Jana asubuhi nikaenda naye bombani. Wanawake wote walikuwepo, na watoto walewale. Nikaweka ndoo chini, nikapiga magoti kwenye matope, nikapiga makofi, nikamwamkia Bi Mwanakombo, na habari za kuamka kwake, na za nyumba yake, na za kikohozi chake, Kiha chote nilichobakiwa nacho, kisha Kiswahili changu cha Kasulu, kile cha kabla ya redio. Mama mmoja akasema, "Makubwa, sista wa ofisini kapandwa na nini?" Bi Mwanakombo akasema, "Miaka mitano unakaa kwangu, mie najua mtu wa Morogoro." Nikamwambia, "Mie Mha, bibi, wa Kasulu, na huyu ni mwanangu wa kumzaa." Hilo la pili nalo sikuwahi kulisema pale bombani. Akasema, "Haya, inukeni wote wawili, nani atawafulia?" Watoto walicheka, si uongo. Walicheka, wakachoka, wakarudi kwenye mpira wao.

Domitila hakusema kitu. Ila nilipokuwa bado nimepiga magoti alinishika mikono, akaikunja viganja kama bakuli, akanipigisha makofi upya, polepole. Nilikuwa nakosea.

Sasa nikuambie nilivyoamua, na usinibishie kwenye hili. Domitila anabaki hapa. Lafudhi ya Mtoni ataipata, ameshaipata, hakuna wa kumkataza, wala wewe. Desemba akifunga shule anakuja kwako mpaka Januari, na kila Desemba. Atakuja anasema mie na nyie na oyaa, atakuimbia singeli, utashika kichwa. Usimcheke. Usimwambie anaringa. Mie nami sitasahihisha neno lake lolote linalotoka kwako. Ofisini nitaendelea na sauti ya ofisini, kwa sababu ndiyo wanayoilipa, na nyumbani nitaiweka chini pamoja na viatu. Sijui kama nitaweza kila siku. Mengine yameshashikana na ulimi, sijui tena lipi la redio na lipi langu.

Namba yako nimeifungua.

Wewe ulisema njia ilikuwa moja tu. Fundo la upande wangu nimelifungua kwenye matope mbele ya watu. La upande wako siwezi kukufungulia. Kwa hiyo ninavyohitaji bado, unitumie hivi:

Kadi ya kliniki ya Domitila, mwalimu anaidai kwa ajili ya faili, iko kwenye bati la biskuti juu ya kabati lako.

Mawese lita tatu, safari hii funga kifuniko na nailoni.

Dagaa wa Kigoma debe dogo, waliokauka vizuri.

Yale majani ya mafua. Niliyadharau, yaliisha kwa Bi Mwanakombo, sasa anayataka.

Majina ya wale mapacha wa mbuzi, maana Domitila ameandika kwenye karatasi "wa kwanza umempa jina gani, na wa pili?" na kuniwekea chini ya sahani.

Na sauti yako. Piga Jumapili ijayo saa kumi, nitaweka simu sikioni mwake. Usimwambie aongee. Usimuulize kitu. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba aongee vyovyote, kama wa huko, kama wa huku, kama jogoo, na kwamba hata ukiwa kipofu utamjua. Halafu nyamaza, usikate, usubiri. Hata ikichukua vocha yako yote, subiri.

Hivyo vingine mpe Theonest. Hiki cha mwisho usimpe mtu.

Auleria